Kufunga transdusa nyuma ya boti ya faiba: ikae wapi, na waya upite wapi? (Boti ya Nyumba ya Mungu)

Kijana wa Pasua

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa wenye uzoefu na boti ndogo.

Nina boti ya faiba ya futi 16, injini ya farasi 15 ya kuongoza kwa mkono. Inalala nyumbani Pasua, Moshi, juu ya trela, tunaishusha bwawa la Nyumba ya Mungu upande wa Lang'ata. Tunavua, na siku nyingine tunavusha watu. Bwawa lile wengi mnalijua: mvua zikikata, maji yanaendelea kwenda kwenye mitambo ya umeme, kina kinashuka, na pale ulipokuwa unapita kwa raha wakati wa masika unakuja kupagusa kwa propela kiangazi. Nimechoka kubahatisha kwa pondo. Nimenunua kipima kina chenye skrini ya inchi 5, kimekuja na transdusa (kile kidude cha kutuma na kupokea sauti majini) ya kufungwa nje, nyuma ya boti, na waya wa mita 6 hivi.

Kinachonitatiza ni hiki. Karatasi iliyokuja nacho ina michoro mingi, maelezo kiduchu. Transdusa inakaa kulia au kushoto kwa injini? Inazama kiasi gani? Halafu huu waya: kutoka nyuma hadi ninapokaa hapazidi mita 2, na fundi umeme mmoja hapa mjini kaniambia nimpelekee aukate auunge upya uwe mfupi, usitapakae ndani ya boti. Kabla sijatoboa faiba nataka niwasikie ninyi.

Tengeru Kwetu

Nafuatilia. Wajuvi njooni.

Fundi Faiba

Kijana, huo waya usikatwe. Naanza na hilo kwa sababu ukishakatwa leo, kesho haurudi.

Waya wa transdusa si kama waya wa taa. Kifaa kinapeleka mapigo ya umeme yenye nguvu kwenda kwenye transdusa, transdusa inayageuza kuwa sauti, sauti inashuka mpaka chini na kurudi. Kile kinachorudi ni kidogo mno. Ndiyo maana ndani ya huo waya kuna wavu wa chuma uliozunguka nyaya zenyewe, kazi yake ni kuzuia kelele za umeme zisiingie. Ukikata na kuunga kwa tepu, umefungua dirisha pale kwenye kiungo: kelele ya injini itaingia hapo, na maji yataingia hapo. Urefu wa ziada unaukunja kwa miduara mipana, unaufunga kwa tai za plastiki bila kuukaza, unauficha chini ya kiti. Usiukunje ukawa kifundo kidogo cha kubana, na usiuvunje kwenye kona. Siku ukihitaji urefu zaidi, unanunua waya wa kurefushia wa kiwanda hicho hicho, wenye plagi zake.

Sasa mahali. Simama nyuma ya boti yako utazame propela. Injini nyingi za aina yako, zikienda mbele, propela inazunguka kama mshale wa saa ukiitazama kutoka nyuma. Maana yake upande wa kulia mapanga yanashuka, upande wa kushoto yanapanda na kurusha mapovu juu. Transdusa inataka maji yaliyotulia, yasiyo na hewa, kwa hiyo ikae kulia. Hakikisha kwanza kwa macho yako propela inazungukia wapi, maana zipo zinazozunguka kinyume, na hizo unazifungia kushoto.

Umbali kutoka kwenye propela: sentimita 38 kwenda nje, usipungue. Ila usiipeleke mpaka pembeni kabisa, maana boti ikilala kwenye kona transdusa itatoka majini. Halafu piga magoti uangalie tumbo la boti, mbele ya pale unapotaka kuifunga. Kama kuna mbavu au mistari ya faiba iliyojitokeza, kama kuna kichwa cha skrubu, tundu la kuingiza au kutoa maji, kiraka kilichopigwa vibaya, hama. Kila kitu kinachojitokeza kwenye tumbo kinaacha mkia wa mapovu nyuma yake boti ikikimbia, na mkia huo ukipita juu ya transdusa skrini inakuwa kipofu. Watu wengi wanalaumu kifaa, kumbe mbele yake kuna kiraka cha faiba ambacho hakikupigwa msasa.

Kuhusu kuzama, chukua mbao iliyonyooka au rula ndefu ya fundi, ilaze chini ya tumbo la boti ikitokeza nyuma kupita ukuta wa nyuma wa boti. Ule mstari wa rula ndio njia ya maji. Kwa boti ya faiba, uso wa transdusa ushuke milimita 3 hivi chini ya mstari huo. Boti ya alumini inashuka zaidi, kama milimita 10. Ukiitazama kutoka nyuma, uso wake uwe sambamba na maji, usifuate mteremko wa tumbo la boti. Ukiitazama kwa ubavu, ncha ya nyuma iwe chini kidogo kuliko ya mbele, milimita 1 hadi 3. Hivyo maji yanaubana uso wa transdusa na hewa haipati pa kukaa.

Na neno kubwa kuliko yote: usitoboe kitu mpaka umeijaribu majini. Nitarudi jioni nieleze namna.

Waya Nyekundu

Mzee Fundi, shikamoo. Mimi ni fundi umeme, ila wa magari. Kwenye kukata waya naona unatia chumvi. Redio za magari tunaunga nyaya za antena kila siku na zinashika stesheni vizuri. Akichomelea kwa risasi, akaweka mpira wa kusinyaa kwa moto, tatizo liko wapi?

Fundi Faiba

Marahaba. Ukichomelea nyaya mbili za katikati vizuri, zitapeleka umeme, sibishi. Tatizo ni wavu. Ukishaufungua na kuusokota upande mmoja kama mkia, pale kwenye kiungo nyaya zinabaki uchi mbele ya kelele, na gari halina propela wala maji yanayopanda ndani ya kava la waya. Waya uliokatwa nje ya boti unanyonya maji taratibu: yanatembea kati ya kava na wavu mpaka yanafika kwenye plagi ya skrini, na ukiifungua unakuta kijani cha kutu ya shaba. Halafu yeye hana sababu ya kukata. Waya umezidi, haujapungua. Kwa nini ajitafutie ugonjwa?

Waya Nyekundu

Hapo kwenye maji nimekuelewa. Basi niseme ninachokijua, upande wa moto. Kijana, chukua umeme moja kwa moja kwenye betri, weka fyuzi ya ampea 3 karibu na chanya (au ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya kifaa chako), usidandie kwenye nyaya za injini. Injini ya farasi 15 ya kuvuta kamba mara nyingi haina hata betri, kwa hiyo ukitafuta betri ndogo ya volti 12 yenye ampea-saa 7, zile zilizozibwa za kwenye yupiesi (UPS) za kompyuta, inakutosha. Skrini ya inchi 5 kwa kawaida inakula chini ya ampea 1. Siku nzima ya kuvua inakaa, jioni unaichaji nyumbani. Betri yake peke yake, kelele inapungua.

Kijana wa Pasua

Asanteni sana wakuu. Mzee Fundi, shikamoo, nakusubiri hiyo ya kujaribu kabla ya kutoboa. Na boti yangu ukuta wa nyuma una plaiwudi ndani, nje ndiyo faiba. Nauliza kwa sababu kuna mtu kaniambia nisiifunge nje kabisa, niigandishe ndani ya boti chini, sauti inapenya faiba.

Rubani wa Mwanza

Huyo aliyekwambia hajakosea, ila masharti yake ni mengi. Sisi huku Ziwa Victoria wenye boti za kasi wapo wanaoigandisha ndani. Inafanya kazi pale ambapo faiba ni ngumu tupu, haina plaiwudi wala povu katikati, na gundi ya epoksi imwagwe bila kiputo hata kimoja cha hewa. Hewa ndiyo adui. Sauti ikikutana na hewa inarudi pale pale. Kwenye mbao haipiti kwa kiwango cha kukusaidia. Faida yake hakuna kinachoning'inia nje cha kuvunjika. Hasara: unapoteza sehemu ya nguvu, na joto la maji huwezi kulisoma, unasoma joto la tumbo la boti.

Kwa boti ya farasi 15 ningefunga nje tu. Kasi yenyewe si ya kutisha.

Fundi Faiba

Nakubaliana na Rubani. Funga nje.

Sasa majaribio. Tafuta kipande cha mbao ngumu au ubao wa plastiki, ule mnene wa kukatia nyama unafaa sana kwa sababu haunywi maji. Urefu wake utoshe kuanzia juu ya ukuta wa nyuma hadi chini. Funga transdusa kwenye huo ubao kwa skrubu zake, halafu ubao wenyewe ubane kwenye ukuta kwa klampu mbili za fundi seremala. Hakuna tundu hata moja kwenye boti. Waya upitishe juu ya ukuta, ufunge kwa tai asije mtu akaukanyaga au ukaingia kwenye propela. Klampu zifunge kamba pia, maana zikichomoka majini ndiyo umezitoa sadaka.

Nendeni watu wawili, mmoja aendeshe, mwingine atazame skrini na kutazama nyuma. Anza na injini imezimwa. Chini panaonekana mstari mmoja safi? Vizuri. Washa injini, kaa bila kusogea. Skrini ikianza kupata vidoti na michirizi ambayo haikuwepo, hiyo ni kelele ya umeme, na maji hayahusiki kwa sababu hujasogea. Hapo unahamisha waya mbali na injini na nyaya zake mpaka itulie. Halafu ondoka taratibu, ongeza mwendo kidogo kidogo. Pale skrini inapopoteza chini, shika mwendo huo na utazame nyuma. Kama transdusa inarusha maji juu kama bomba lililopasuka, umeizamisha mno, ipandishe. Kama hairushi maji lakini skrini imekatika, iko juu mno au inapitiwa na mapovu. Ishushe milimita 3, jaribu tena. Ikigoma, isogeze pembeni sentimita chache, jaribu tena.

Ukipata mahali ambapo chini panashikika mpaka mwendo wako wa kawaida, piga alama kwa kalamu ya wino kwenye ukuta, hapo hapo majini. Boti ikiwa kwenye trela Pasua, kila mahali panaonekana pazuri. Maji ndiyo yanasema.

Bwawani Lang'ata

Fundi umeongea kitu. Huku kuna jamaa alifungiwa na fundi mmoja juu ya trela, hawakujaribu. Imekaa kushoto, karibu na propela. Akisimama inasoma, akiondoka tu namba zinaruka ruka, mita 2, mita 19, mita 4. Sasa hivi ukuta wa boti yake una matundu manne ya zamani yamezibwa kwa lami na anaogopa kuongeza mengine.

Swali langu: sisi wenye boti za mbao tunafanyaje? Nyingine zimechongoka mbele na nyuma, injini tumeifunga kwenye kitako cha ubavuni.

Fundi Faiba

Bwawani, huyo jamaa mwambie akwangue ile lami. Lami haishiki kwenye faiba iliyolowa, na plaiwudi iliyo nyuma yake itakuwa inaoza kimya kimya.

Boti ya mbao yenye ukuta bapa nyuma unafunga vile vile, skrubu zinashika vizuri kwenye mbao, unaziba tundu kama unavyofanya kalafati. Iliyochongoka nyuma haina mahali pa kufunga. Kwa hiyo tengeneza mkono: bomba au mbao inayoshuka ubavuni, juu inabanwa kwa klampu kwenye ukingo, chini imebeba transdusa. Iwe upande wa mbali na injini, na iwe inaweza kuinuliwa ukifika ufukweni. Kwa mwendo mdogo inatosha kabisa, na kwa boti ya kukodi ni bora zaidi kwa sababu unaondoka nayo.

Tengeru Kwetu

Na mimi nidandie hapo hapo. Niko Arusha, nina kayaki ya plastiki, naitumia Ziwa Duluti. Injini sina, napiga kasia. Hiyo ya mkono itanifaa?

Rubani wa Mwanza

Itakufaa, ila wewe una bahati ya pekee. Plastiki ya kayaki nyingi ni tabaka moja, haina povu, sauti inapita. Weka sponji iliyolowa maji ndani ya kayaki kwenye sehemu bapa, kandamiza transdusa juu yake, hakikisha hakuna hewa katikati. Jaribu hivyo kwanza kabla hujagandisha chochote. Sponji ikikauka, inakata.

Kijana wa Pasua

Wakuu, nimerudi kutoka bwawani. Nimefanya kama mzee alivyoelekeza, ubao wa plastiki na klampu mbili, ndugu yangu kashika injini mimi nimekodolea skrini.

Injini imezimwa: mstari safi. Injini imewashwa: michirizi kama mvua. Nikafuatilia, nikakuta waya umepita juu kabisa ya injini, karibu na waya wa plagi ya injini. Nikaushusha, nikaupeleka pembeni mwa boti upande wa kulia, michirizi ikaisha yote. Kwenye mwendo, mara ya kwanza ilikata tukiwa nusu gesi, na nyuma hakukuwa na maji yanayoruka. Nikashusha kidogo, ikafika mbali zaidi lakini bado ikakata. Nikasogeza ubao nje kama upana wa kiganja. Hapo ikashika mpaka gesi yote, namba haziruki. Nimepiga alama.

Sasa nipo nyumbani na drili mkononi. Nieleze kutoboa mzee wangu. Silikoni niliyonayo ni ile ya dukani ya kuzibia masinki.

Fundi Faiba

Safi sana kijana! Umefanya kazi ya mtu mzima.

Hiyo silikoni iache kwenye sinki. Ukiifungua ikanuka siki, ni ya asidi, inakula chuma na haishiki vizuri kwenye faiba inayokaa majini. Tena ikishapakwa, kitu kingine hakishiki juu yake, hata ukija kukarabati baadaye. Tafuta gundi ya poliurithini iliyoandikwa kwamba inafaa chini ya maji. Usipoipata Moshi agiza Dar au Tanga kwenye maduka ya vifaa vya boti. Usubiri siku mbili tatu, hakuna haraka.

Kwa kuwa ukuta wako una plaiwudi, ushauri wangu ni huu: ule ubao wa plastiki uliojaribia ufanye wa kudumu. Ufunge ubao kwenye ukuta kwa skrubu chache, halafu transdusa unaifunga kwenye ubao. Ukitaka kuhamisha transdusa siku za usoni, unatoboa ubao, hugusi boti tena. Skrubu za juu ziweke juu ya mstari wa maji kadiri unavyoweza. Gundi usiitegemee kushikilia ubao, plastiki ile haipendi gundi. Skrubu ndizo zishike, gundi izibe matundu.

Kutoboa kwenyewe kuna adabu yake. Bandika tepu ya karatasi pale kwenye alama, toboa juu ya tepu. Biti ya milimita 4, au inayolingana na skrubu zako. Funga kipande cha tepu kwenye biti pia, ili ujue kina cha kuishia, usitokee upande wa pili. Anza na drili ikizunguka kinyume, bila kukandamiza. Itakuwa kama inasugua tu, lakini inakwangua lile ganda la juu linalong'aa bila kulipasua. Ukishaona rangi imebadilika umefika kwenye faiba yenyewe, geuza drili izunguke kawaida. Mdomo wa tundu upanue kidogo kwa biti kubwa zaidi, kama umbo la faneli. Usipoupanua, skrubu ikikaza inalipasua ganda, unaona nyufa kama za kioo zinazunguka tundu.

Na wakati biti inatoka, zingatia vumbi lake. Likiwa jeupe na kavu kisha likawa la rangi ya mbao, kavu, linanukia mbao, ukuta wako ni mzima, shukuru. Likitoka jeusi, limelowa, linashikana kwenye biti kama ugoro, simama hapo hapo. Plaiwudi imeshaoza, na ukuta huo ndio unaobeba injini yako. Hapo habari ya transdusa inasubiri, tunazungumza habari ya kutengeneza ukuta.

Kama ni mzima, jaza gundi ndani ya tundu hadi itoke, paka na kwenye skrubu, kaza kwa bisibisi ya mkono. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Gundi ikitoka pembeni pote kwa usawa ujue imeziba. Iache ikauke kama pakiti inavyosema ndipo uingie majini.

Waya Nyekundu

Na waya mzee, autobolee ukuta au aupitishe juu?

Fundi Faiba

Juu. Boti hii ni ndogo, hana sababu ya kutoboa tundu la plagi ambalo upana wake ni mkubwa kuliko skrubu zote zikijumlishwa. Mwenye boti kubwa anayelazimika kutoboa, apime plagi kwanza kabla ya kuchagua biti, atoboe juu ya mstari wa maji, na azibe pande zote mbili.

Kijana, kutoka kwenye transdusa uache waya ulegee kidogo, kwa sababu kile kibano kinachoshika transdusa kimetengenezwa kuruka juu kikigonga kisiki, na waya uliokazwa utachomoka. Baada ya hapo ushike kwa vibanio kwenye ukuta kila baada ya shubiri. Ufike juu, uingie ndani, na kabla ya kufika kwenye skrini uache uning'inie chini kidogo kisha upande, ili maji yanayotambaa kwenye waya yadondoke hapo yasiingie kwenye plagi. Pita upande ule ule wa kulia uliokupa skrini safi. Nyaya za betri zipite kushoto. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisilale pamoja.

Ukimaliza, geuza injini kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, iinue mpaka juu. Kama waya unaguswa popote, uhamishe. Na mkanda wa kufungia boti kwenye trela! Usipite juu ya transdusa. Njia ya Lang'ata ina mashimo, mkanda ule ukikaza ndani ya safari unaweza kuuvunja mguu wake kabla hujafika majini.

Mama Samaki

Jamani wanangu, mimi nauza perege hapa Moshi, uzi huu nimeusoma wote. Hiki kifaa kitawaonyesha perege walipo, au ni kina tu? Nauliza kwa sababu kijana anayeniletea samaki anataka nimkopeshe hela anunue.

Rubani wa Mwanza

Mama shikamoo. Kinaonyesha samaki, lakini fikiria kina. Sauti inashuka ikitanuka kama tochi. Kwa transdusa ya kilohezi 200 (mitetemo 200,000 ya sauti kwa sekunde) inayotanua sauti yake kwa nyuzi 20, kwenye kina cha mita 10 inamulika duara la mita 3 na nusu hivi. Kwenye mita 3 ni duara la mita 1 tu, chini ya boti yenyewe. Perege wa maji ya pembeni atakuwa ameshakimbia injini kabla hajapita hapo. Huku kwetu kwenye kina kirefu inalipa. Kwa bwawa lenye maji mafupi, mwambie kijana anunue kwa ajili ya kujua kina, mkondo wa zamani wa mto na mteremko wa chini. Samaki atawatafuta kwa akili yake, akijua chini palivyo.

Bwawani Lang'ata

Kweli kabisa. Kabla ya bwawa hapa palikuwa na bonde, Kikuletwa na Ruvu zinakutana. Mifereji ile ya zamani ipo huko chini. Maji yakipungua kambale wanashuka humo. Mwenye kujua mfereji ulipo hasumbuki sana.

Mama Samaki

Marahaba mwanangu. Basi nitamkopesha, lakini kwanza asome uzi huu.

Kijana wa Pasua

Wakuu, kazi imekamilika. Vumbi lilitoka kavu, linanukia mbao, nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kununua kifaa. Gundi niliagiza Dar kwa basi. Ubao umekaa, waya umekaa kulia, uliozidi nimeukunja miduara mipana chini ya kiti. Leo tumezunguka bwawani, skrini inashika chini gesi yote.

Kimebaki kitu kimoja. Nikipima kwa pondo sehemu ya matope, pondo linazama zaidi kuliko namba ya skrini. Kwenye mchanga vinalingana.

Fundi Faiba

Hapo kifaa kinasema kweli na pondo linasema kweli. Sauti ya kilohezi 200 inarudi ikigusa uso wa tope laini, pondo linapenya mpaka chini ya tope. Kwenye skrini utaona mstari wa chini umefifia. Kwenye mchanga au mwamba unakuwa mkali, mara nyingine unajirudia mara mbili. Pondo usilitupe, unahitaji vyote viwili.

Angalia pia kwenye mpangilio kama umechagua maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Sauti kwenye maji ya ziwa yenye nyuzi 20 inakwenda karibu mita 1,480 kwa sekunde, baharini ni karibu 1,520. Ukiiacha kwenye bahari, kina kinakosewa kidogo.

Halafu weka tofauti ya kina. Namba unayoisoma inaanzia kwenye transdusa, na wewe unachoogopa kugonga ni propela. Pima kwa futikamba kutoka uso wa transdusa hadi ncha ya chini kabisa ya injini ikiwa imeshushwa. Tuseme umepata sentimita 35: ingiza hiyo kama tofauti ya kutoa. Hapo skrini ikisema mita 1, ni mita 1 chini ya injini yako. Usipoiweka, ile mita 1 ni sentimita 65 tu. Ila maji yakiwa mafupi sana, chini ya nusu mita au zaidi kidogo, vifaa vingi vinaanza kutoa namba za ajabu. Hapo inua injini ushike kasia.

Kijana wa Pasua

Nimeipima sasa hivi, ni sentimita 37. Naiingiza. Na usafi je? Naona uso wake umeanza kuota utelezi wa kijani.

Fundi Faiba

Kitambaa laini na maji ya sabuni ya vyombo. Usitumie petroli wala tina, vinakula plastiki. Ukishaisafisha, kabla ya kushuka majini paka tena sabuni kidogo kwa kidole usoni mwake, vile viputo vidogo vya hewa visigande. Ukiona asubuhi skrini haisomi kitu na jana ilisoma, usiguse mpangilio wowote. Ifute kwanza, halafu angalia plagi, halafu angalia kama kibano kimeruka juu.

Waya Nyekundu

Kijana, ile betri usiiache imelala sakafuni kwenye maji ya boti. Tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ifunge isitikisike. Na ukipita Majengo nipigie honi nikuongezee fyuzi za akiba.